Kwenda Mombasa kwa gari la moshi: hesabu ianzie mlangoni pako

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniuliza swali ambalo najua linawasumbua wengi wenu wakati huu likizo inapokaribia. Ana watoto watatu: kifungua mimba ana umri wa miaka 13, wa pili 9, na kitinda mimba 5. Mamake mzazi anaishi Kwale. Ajuza huyo ametimiza miaka themanini na miguu imeanza kumkataa, na yule mjukuu mdogo hajawahi kumwona hata siku moja. Mama huyu huuza mitumba, na kwa muda wa miezi saba ameweka kando Sh14,000. Anauliza: je, pesa hizi zaweza kuwafikisha wanne Kwale kwa gari la moshi na kuwarudisha nyumbani, au avunje ahadi aliyowapa watoto?

Jibu langu ni kwamba zatosha, ila chupuchupu. Tena zitatosha tu iwapo hesabu itaanzia mlangoni pake Umoja na kuishia mlangoni pa mamake Kwale. Wengi wetu hukosea hapa. Tunapiga hesabu ya tikiti, tunafurahi kwamba ni nafuu, kisha tunashangaa pesa zimekwisha kabla hata ya kuvuka Likoni.

Tuanze na hiyo tikiti, kwani ndiyo rahisi kuhesabu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nauli ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ni Sh1,500 katika daraja la kawaida, wanaloliita wengi ekonomi, na Sh4,500 katika daraja la kwanza. Hapo awali ilikuwa Sh1,000 na Sh3,000, na waliosafiri mwaka wa 2017, reli ilipofunguliwa, watakumbuka kwamba ekonomi ilianza kwa Sh700 tu. Siku hizo zimepita. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipiwi, na wa kuanzia miaka 3 hadi 11 hulipiwa nusu. Mwenye miaka 12 ni mtu mzima machoni pa reli, hata kama bado unamnunulia kaptura za shule.

Kwa hivyo mama wa Umoja atajilipia Sh1,500, kifungua mimba Sh1,500, na wale wadogo wawili Sh750 kila mmoja. Jumla ni Sh4,500 kwenda, na Sh4,500 kurudi. Hizo ni Sh9,000. Katika daraja la kwanza familia iyo hiyo ingelipa Sh13,500 kwenda peke yake, na wangelazimika kurudi kwa miguu. Viti vya daraja la kwanza vina nafasi zaidi, sikatai, lakini behewa la ekonomi na la daraja la kwanza yote huvutwa na injini moja na hufika Mombasa dakika ile ile.

Najua kuna msomaji anayetikisa kichwa na kusema, "Mbona asipande basi?" Basi lina faida yake. Humtoa mtu katikati ya jiji moja na kumshusha katikati ya jiji la pili, na hilo si jambo dogo, kama tutakavyoona. Lakini nauli ya basi hufuata msimu. Shule zikifungwa, au Krismasi na Pasaka zikikaribia, hupanda, na nusu nauli ya mtoto hutegemea huruma ya makanga. Nauli ya reli ni ile ile iliyotangazwa. Kinachokwisha kwenye reli ni viti.

Ndiyo sababu namwambia mama huyu, na wewe pia msomaji, usingoje shule zifungwe ndipo utafute tikiti. Hununuliwa majuma kadhaa kabla ya safari, kwa mtandao wa Shirika la Reli au kwa simu ya kawaida ukipiga *639#, na malipo hufanywa kwa M-Pesa. Andaa kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kabla ya kuanza, kwa sababu kila msafiri huandikwa jina na nambari yake. Andikisha wote wanne kwa pamoja ili mpate viti vilivyokaribiana. Hutaki mtoto wa miaka mitano awe behewa la tatu nawe la saba.

Na uchukue tikiti ya kurudi siku hiyo hiyo unayochukua ya kwenda. Hili nalisisitiza kuliko yote. Familia nyingi hukata ya kwenda, zinakwenda zikicheka, zinakaa na jamaa siku kumi, halafu Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa zinakuta gari la moshi limejaa pomoni. Hapo hakuna budi ila basi, kwa bei itakayotajwa siku hiyo, na mara nyingi ni pesa za kukopa kwa wenyeji wao. Kama huwezi kupata viti vya Jumapili, rudi Alhamisi. Watoto hawatakufa kwa kukosa siku tatu za ufuo.

Usikubali pia kijana anayekunong'onezea kwamba ana tikiti za ziada. Jina lililo kwenye tikiti hulinganishwa na kitambulisho. Ukishikwa mlangoni na tikiti ya mtu mwingine, umepoteza pesa na safari pia.

Sasa, ni gari gani? Kuna la asubuhi, la alasiri na la usiku, na nauli ni moja. La asubuhi, linaloondoka saa mbili, husimama kwenye stesheni za njiani kama vile Emali, Mtito Andei na Voi, na hufika Mombasa mwendo wa saa nane mchana. La alasiri lina kasi zaidi lakini huwafikisha watu usiku. La usiku huingia Mombasa kabla ya jogoo kuwika. Mtu asiye na watoto aweza kulala kitini na kuona amefanya werevu. Lakini mama mwenye watoto watatu na mizigo atafanya nini Miritini saa kumi za usiku? Atakodi teksi, na ile hesabu yetu itavunjika papo hapo. Apande la asubuhi.

La asubuhi nalo lina adhabu yake. Gari haliondoki katikati ya Nairobi. Linaondoka Syokimau, na huko inafaa uwe umefika angalau saa nzima kabla, kwa kuwa kuna ukaguzi. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi wakaipitia, kisha hupita kwenye mashine, nanyi pia mkapekuliwa. Visu na pombe haviruhusiwi. Ukitaka watoto wale maembe, yamenyeni nyumbani. Kwa hiyo nyumba nzima ya Umoja iwe macho saa kumi alfajiri, mizigo ikiwa imefungwa tangu jana yake. Kuna gari la moshi la abiria wa mjini linalotoka stesheni kuu ya zamani ya Nairobi hadi Syokimau, limepangwa kuwapeleka wasafiri wa Mombasa. Matatu hadi mjini, kisha gari hilo, ni nafuu kuliko teksi, na halikwami kwenye msongamano wa Mombasa Road. Uulize saa zake siku moja kabla, usibahatishe.

Chakula kipikwe nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi na maji vitawatosha watu wanne kwa saa sita. Ndani ya gari kuna vya kununua, lakini mtoto akiona kikombe cha chai na keki vikipitishwa kwenye ujia huwa amesahau yote mliyokubaliana. Tia chakula kwenye mikebe na kikapu, si mfuko wa plastiki, maana mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Kuhusu njia yenyewe nitasema machache tu, ingawa ningependa kujaza ukurasa mzima. Wazee wetu walipopanda gari la zamani, ambalo reli yake ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Nairobi mwaka wa 1899, walilala njiani usiku kucha, na kuchelewa lilikuwa jambo la kawaida. Leo mtoto atauona mchana wote. Mkienda Mombasa, kaeni upande wa kulia ikiwezekana, na baada ya Emali, asubuhi isiyo na mawingu, mwambie atazame kusini: huenda Kilimanjaro ukajitokeza. Kuanzia Mtito Andei hadi karibu na Voi mtakuwa ndani ya Tsavo, mbuga ya Magharibi upande wa kulia na ya Mashariki upande wa kushoto. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu ya vumbi la udongo wanaojirushia. Reli imeinuliwa juu, na chini yake kuna vivuko walivyoachiwa wanyama. Mkifika Mariakani minazi itaanza kuonekana, na hapo ndipo watoto huacha kuuliza, "Bado tu?"

Halafu mnashuka Miritini, na hapa hasa ndipo pesa hupotea. Stesheni ya Mombasa iko bara, nje ya kisiwa, mbali na jiji. Nje ya lango utapokewa na madereva wa teksi wenye maneno matamu, kila mmoja akidai kwamba matatu ya mwisho imeondoka sasa hivi. Ni mchana wa saa nane, matatu zipo. Tembea na mizigo yako hadi zilipo. Ukifika mjini, panda nyingine ya Likoni. Feri haitozi anayevuka kwa miguu hata senti moja, na ng'ambo kuna magari ya Kwale na Ukunda. Lakini kabla ya kufanya mzunguko huo, uliza hapo hapo Miritini kama kuna gari la kwenda Kusini kwa barabara ya Dongo Kundu. Barabara hiyo inatoka karibu na stesheni na kutokea Kibundani, ng'ambo ya pili, bila kuingia kisiwani wala kugusa feri, na imefunguliwa yote tangu mwaka wa 2024. Kwa anayekwenda Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, ikipatikana matatu huko, ni saa nzima imeokolewa.

Turudi kwenye Sh14,000 za mama wa Umoja. Tumetoa Sh9,000 za tikiti, zimebaki Sh5,000. Namshauri atenge Sh1,400 za usafiri wa upande wa Nairobi, kwenda na kurudi, na Sh1,600 za upande wa Mombasa hadi Kwale, kwenda na kurudi, mdogo akipakatwa kwenye matatu. Chakula cha njiani, safari zote mbili, Sh700. Zinabaki Sh1,300. Teksi moja Syokimau na nyingine Miritini zaweza kuzimeza zote na kudai zaidi. Asipochukua teksi, atanunua sukari, majani chai na leso ya mamake, na bado atakuwa na akiba kidogo mfukoni mtoto akishikwa na homa. Zile Sh1,300 ziwekwe mahali pake, zisichanganywe na pesa za nauli. Atakapofika Kwale atapikiwa wali wa nazi. Hahitaji kumlipa mamake kodi ya nyumba.

Ninyi wanafunzi mnaosafiri peke yenu, hesabu yenu ni nyepesi: Sh3,000 kwenda na kurudi, na begi moja mnaloweza kubeba bila msaada. Anayeshukia Voi au Mtito Andei halipi nauli ya kufika Mombasa, kwani hutozwa kulingana na stesheni, basi akate ya kituo chake hasa. Lakini akumbuke kwamba si kila gari husimama huko. Achague la asubuhi.

Mama wa Umoja, jambo moja la mwisho. Umeniuliza kama uwangoje hadi Desemba ili uongeze akiba kidogo. Umesema mwenyewe kwamba mama ana miaka themanini na kwamba miguu inamkataa. Nenda Aprili. Kata tikiti juma hili, zote nane, na umpigie simu mama umwambie tarehe, ili amwombe jirani awapokee kituoni.

Juma lijalo: dadangu mmoja wa Nakuru anauliza namna ya kuwalaza wageni sita katika nyumba ya vyumba viwili bila kununua vitanda.