Na Sisi Majirani wa Baa Tunahitaji Kulala

Wakazi wa Sinza, Kinondoni, Tabata na mitaa mingine mingi ya Dar es Salaam tumechoka. Zamani muziki wa kukesha ulikuwa wa Ijumaa na Jumamosi. Siku hizi Jumatano kuna bendi, Alhamisi singeli, Jumapili bonanza kuanzia mchana. Saa tisa usiku spika bado zinaunguruma, na saa kumi na moja alfajiri dereva wa daladala anatakiwa awe ameshaingia barabarani, muuguzi anajiandaa na zamu, mwanafunzi wa kidato cha nne anaamka kwenda kwenye mtihani.

Mbinu zote tumezimaliza. Ukifunga madirisha, joto la mwezi wa pili linakulowesha jasho, na umeme ukikatika hata feni huna. Pamba za masikioni zinapunguza sauti nyembamba tu. Besi inapenya ukutani na kulifikia godoro. Weka glasi ya maji mezani: kila sabufa inapodunda, maji yanacheza, na vioo vya dirisha vinaitikia. Wapo waliohamishia watoto sebuleni, wapo wanaowapeleka kwa bibi yao kila mwisho wa wiki. Kuhama nako si rahisi, maana ukishalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, fedha ya kuanza upya kwingine utaitoa wapi?

Chanzo kinajulikana. Baa nyingi sasa hazina ukumbi wenye kuta. Ni uwanja, viti vya plastiki na turubai juu, spika zikielekezwa barabarani ili mpita njia avutike. Ikifunguliwa nyingine mkabala, kila moja inapandisha sauti kuizidi nyingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ni sisi.

Ukilalamika unaambiwa una roho mbaya, hamia Masaki kwa matajiri. Lakini tunachodai kimo kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia kelele zinazopita kiwango, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinatenganisha viwango vya mchana na vya usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele chumbani usiku zisizidi desibeli 30 ili mtu alale vizuri. Kiwango hicho sisi tunakipata umeme ukikatika mtaa mzima.

Hatutaki baa zifungwe. Wahudumu na wachoma nyama ni watoto wetu, bodaboda wanaosubiri wateja nje ni ndugu zetu, na wengi wetu tunakwenda kunywa na kucheza hukohuko. Harusi ya jirani tunaivumilia kwa moyo mweupe, kwa kuwa ni usiku mmoja na kesho ni zamu yetu.

Tunachoomba ni kidogo. Spika zigeuzwe ndani, besi ishushwe ikifika saa nne usiku. Leseni ya baa katikati ya makazi isitolewe kabla wakazi hawajaulizwa. Na wapima kelele waje usiku wa manane, siyo saa nne asubuhi baa ikiwa inafagiliwa.

Nanyi majirani, mkutano wa serikali ya mtaa ukiitishwa, twendeni wote. Akisema mmoja ataitwa mkorofi. Tukisema mtaa mzima, itabidi tusikilizwe.