Ukuta wa bafu: Saruji bado yaishinda jipsamu Arua na Koboko

Wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Arua na Koboko, ambao wateja wao wengine hutoka Kongo na Sudan Kusini, wanapaswa kupima upya kinachokaa nyuma ya vigae vya bafuni.

Bodi ya jipsamu ni nyepesi na hufungwa haraka, hivyo yaonekana nafuu. Lakini maji hupenya kwenye maungio ya vigae. Jipsamu ikilowa hulainika, gundi huachia na vigae huanguka. Hata ile ya kijani hustahimili unyevunyevu tu, si maji ya kuoga kila siku. Bodi ya saruji haiozi, ila nayo huhitaji dawa ya kuzuia maji, hasa kwenye maungio na pembe.

West Nile ina matofali ya kuchoma yanayotengenezwa papo hapo. Ukuta wake ukipigwa plasta ya saruji na mchanga, ukakauka vizuri na kupakwa dawa hiyo, vigae hushika.

Msafirishaji naye ana hesabu yake. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, kuanzia Septemba hadi Desemba, malori yalilazimika kuzunguka. Safari ikirefuka, hatari huongezeka: saruji ikilowa huganda, na jipsamu hulowa na pia huvunjika.

Muuzaji amwulize mteja kwanza: ni ya dari au ya bafu? Ya dari, auze jipsamu. Ya bafu, auze saruji na dawa. Mteja aliyevuka mpaka hatarudisha bodi iliyooza, atabadilisha duka.