Shilingi ya dawa nayo ihesabiwe kama ya mbolea

Mkulima anayeingia duka la pembejeo na shilingi 200,000 mfukoni hatoki na mifuko ya mbolea ya kukuzia peke yake. Anajua shamba linataka mbegu, mbolea ya kupandia na dawa ya viwavi, na kwamba shilingi anayoiongeza upande mmoja ameipunguza upande mwingine. Akikosea mgawanyo, ghala litamwambia baada ya mavuno.

Muuza duka naye ni hivyo hivyo. Hajazi rafu kwa bidhaa moja eti kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, bali hutazama ipi inatoka na ipi inalala.

Cha kushangaza ni kwamba tukifika kwenye fedha za matibabu, sisi sisi tulio hodari wa mahesabu huwa tunayatupa pembeni. Tunasema afya haina bei, na hapo mjadala unaishia.

Ni kweli maisha ya mtu hayauzwi. Lakini dawa, vipimo, gari la wagonjwa na mshahara wa mganga vina bei, na mfuko unaolipia una mwisho wake. Kila mwaka kuna mtu anayeamua nani apate na nani akose. Swali ni kama anaamua kwa hesabu au kwa mazoea.

Msimamo wangu ni kwamba hesabu hiyo lazima ifanyike, ifanyike hadharani, na isiishie kwenye gharama za hospitali bali ihesabu pia kile kinachotoka kwenye mfuko wa mgonjwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalotuumiza sisi wa shambani na wa gengeni.

Walichofanya Rufiji na Morogoro

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Si kweli, kwani mfano mmoja unaotajwa sana duniani umetoka hapa kwetu.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kuwa nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, iwapo zitachagua tiba zinazoleta faida kubwa zaidi kwa kila dola. Ripoti hiyo ilipima ugonjwa kwa miaka ya maisha yenye afya inayopotea. Mtoto akifa akiwa na miaka miwili, jamii imepoteza miaka mingi. Mtu mzima akilala kitandani mwaka mzima bila kufanya kazi, sehemu ya mwaka huo nayo huhesabiwa kuwa imepotea.

Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, iliamua kuijaribu hoja hiyo katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi huo uliitwa TEHIP na ulianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1990.

Kazi ya kwanza haikuwa kununua dawa, bali kujua watu wanakufa kwa nini. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani. Ilikuwa lazima wafanye hivyo kwa sababu watu wengi walifia nyumbani, na vitabu vya hospitali havikuwa na habari zao.

Majibu yalipolinganishwa na bajeti, ikaonekana fedha zinaenda njia moja na vifo njia nyingine. Morogoro, malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 na kutengewa asilimia 22.

Hapakuwa na mwizi katika jambo hilo. Bajeti ilikuwa inanakiliwa kutoka mwaka uliotangulia na kufuata programu zilizokuwa na wafadhili. Wala haina maana kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aachwe. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye homa alikuwa anapunjwa bila mtu yeyote kukusudia.

Wilaya hizo zilipewa nyongeza ndogo, kiasi cha dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka. Zikaelekeza nguvu kwenye vyandarua vyenye dawa, matibabu ya malaria, usimamizi wa zahanati, na kuwafunza waganga kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu homa tu na kumruhusu aende.

Katika miaka mitano iliyofuata, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatuwezi kusema yote ni kazi ya mradi mmoja, kwa kuwa katika kipindi hicho hicho, mwaka 2001, nchi iliachana na klorokwini iliyokuwa imeshindwa kuitibu malaria.

Lakini uko utafiti mwingine uliozilinganisha wilaya hizo mbili na jirani zao Kilombero na Ulanga. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kuwa katika miaka miwili ya utaratibu ule mpya wa kumtazama mtoto, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko kwa majirani. Gharama nazo zilikuwa chini, kwa tofauti iliyofika hadi asilimia 44.

Msomaji, tiba bora kwa bei ndogo zaidi si jambo la kukutana nalo kila siku. Pasipo hesabu, lingepita na lisingeonekana.

Shilingi 40 iliyokataa wateja

Wafanyabiashara wengi tunaamini kuwa cha bure hakithaminiwi. Kwa muda mrefu wapanga sera nao waliamini kuwa mtu akichangia hata kidogo kwa chandarua, atakitumia, na fedha za mradi zitaokolewa.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliipima imani hiyo magharibi mwa Kenya, katika kliniki za wajawazito. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine zikauza kwa bei mbalimbali zilizofika hadi shilingi 40 za Kenya.

Bei ilipofika shilingi 40, idadi ya waliochukua ilianguka kwa pointi 60 za asilimia. Waliopata bure walivitumia vyandarua sawa na walionunua. Kwa hiyo ile "akiba" ya mradi iligeuka hasara, maana chandarua kilichobaki stoo hakimkingi mtu na mbu.

Somo hapa si kwamba kila kitu kitolewe bure. Ni kwamba imani, hata ikiwa ya watu werevu, inapaswa kupimwa kabla ya kuwa sera.

Gharama isiyoandikwa kitabuni

Sasa nije kwenye dosari ya mahesabu mengi ya afya. Mara nyingi huanzia mlango wa hospitali na kuishia mlango huo huo.

Tufanye mfano, na kila mmoja aweke tarakimu za kwake. Mtoto anaugua homa wakati wa palizi. Zahanati ya kijiji imeishiwa vipimo na dawa, hivyo anapelekwa kituo cha afya cha tarafa. Matibabu ni shilingi 5,000. Bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 12,000. Baba na mama wanapoteza siku mbili kila mmoja, na kibarua wa palizi kijijini analipwa shilingi 7,000 kwa siku, kwa hiyo hapo zimekwenda shilingi 28,000.

Jumla ni shilingi 45,000. Kitabu cha kituo cha afya kitaonyesha 5,000. Nane ya tisa ya gharama yote imelipwa na familia na haijaandikwa popote.

Ikumbukwe pia kuwa malaria hupanda na mvua, na mvua ndiyo msimu wa kazi. Siku mbili za mwezi wa Aprili hazilingani na siku mbili za mwezi wa Septemba. Magugu hayamsubiri mtoto apone. Mwenye genge naye akifunga siku mbili, nyanya zinaoza na mteja anahamia kwa jirani.

Hesabu ikiishia mlangoni mwa hospitali, kuweka dawa zote kituo kikubwa kimoja kutaonekana kuwa nafuu. Ukiingiza bodaboda na siku za kazi, zahanati yenye dawa karibu na watu inaweza kuwa ndiyo nafuu ya kweli. Mtu wa mipango hataliona hilo asipoambiwa, na sisi ndio wenye takwimu.

Hesabu isiwe msumeno

Wapo wanaoogopa kuwa tukianza kuhesabu, wagonjwa wa gharama kubwa watatupwa. Mgonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu kila wiki atashindaje na mtoto wa malaria kwenye mizani? Na mzee wa miaka 75, ambaye miaka iliyobaki ni michache, atahesabiwaje?

Hofu hiyo ina msingi, na jibu zuri nimeliona Thailand. Nchi hiyo ilianza mpango wa matibabu kwa wananchi wote mwaka 2002, na ina wataalamu wanaopima gharama na faida ya tiba kabla hazijaingizwa kwenye mpango. Walipopima usafishaji wa damu kwa wagonjwa wa figo, tarakimu zilisema faida haitoshelezi gharama.

Hata hivyo, mwaka 2008 serikali iliiingiza huduma hiyo. Sababu ilikuwa kwamba familia zilikuwa zinafilisika kwa kulipia, na bima isiyozuia kufilisika si bima. Kisha, ili kubana gharama, ikaanza na njia ambayo mgonjwa anaweza kuifanyia nyumbani.

Angalia walivyofanya. Hawakuificha hesabu, wala hawakuiruhusu iamue peke yake. Waliijua bei ya huruma yao, wakakubali kuilipa. Hiyo ni tofauti kabisa na kuahidi kila kitu jukwaani, halafu mgonjwa akifika dirishani anaambiwa dawa hakuna, kanunue nje.

Kwa nini sasa

Jambo hili haliwezi kusubiri. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na asiye na mshahara hukadiriwa kutokana na kipato cha kaya. Kote huko mkulima anaombwa achangie kabla ya kuugua, na kitita cha huduma atakazopata kinapangwa na watu wengine.

Wakati huo huo wafadhili wanaondoka. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Fedha hizo zilikuwa zinagusa vyandarua, dawa za malaria na za UKIMWI. Mfuko unapopungua, kosa la mgavi linauma zaidi.

Tudai nini

Kwanza, halmashauri kila moja ina mpango wa afya wa mwaka. Tuombe ukurasa mmoja tu ubandikwe kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji: upande huu magonjwa yanayotuua na kutulaza zaidi, upande huu fedha zilizotengwa kwa kila moja. Morogoro waliuona ukurasa wa namna hiyo, wakashtuka, wakabadilika.

Pili, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya vya Tanzania. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Wengi wetu hatuwajui wajumbe hao, na tunawachagua kwa kunyoosha mkono huku tunawahi sokoni. Tuchague watu wanaoweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi.

Tatu, ununuzi wa dawa za malaria na vipimo vyake ufuate kalenda ya mvua. Vifike zahanati kabla ya masika, kama tunavyodai mbolea ifike kabla ya kupanda.

Nne, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama viandike kwa msimu mmoja siku za kazi zilizopotea kwa ugonjwa na nauli zilizotumika. Daftari la kawaida linatosha. Tukifika kwenye mkutano wa kijiji au mbele ya diwani na daftari hilo, tutakuwa na hoja ambayo mtaalamu hana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika afya kinachopotea bila habari ni watoto, na siku za kazi ambazo hazirudi. Daftari la hospitali lipo tayari. Lililobaki ni la kwetu, na hakuna atakayetuandikia.