Ufuo wa anayeanza usichaguliwe kwa sifa

MICHEZO ya Olimpiki ya mwaka 2024 iliandaliwa jijini Paris, lakini mashindano ya kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao yalifanyika maelfu ya kilomita kutoka huko, katika kijiji cha Teahupo'o, kisiwani Tahiti, ndani ya Bahari ya Pasifiki. Waliotazama kwenye runinga waliona wimbi la samawati likijikunja mithili ya jamvi, na mchezaji akipenya ndani yake kisha akatokeza upande wa pili akiwa bado wima. Kauli Vaast, kijana aliyekulia kisiwani humo na aliyeiwakilisha Ufaransa, alishinda dhahabu ya wanaume, naye Caroline Marks wa Marekani akatwaa ile ya wanawake. Lilikuwa tamasha la kupendeza macho. Hata hivyo, lipo jambo ambalo picha hizo hazikulidhihirisha ipasavyo: chini ya wimbi lile maji ni machache, na chini ya maji hayo kuna matumbawe yanayochana ngozi kama wembe.

Tamasha kama hilo huzaa tamaa. Mwenye uwezo wa kusafiri wakati wa likizo hutaka naye akaonje raha hiyo katika visiwa vya joto, na vijitabu vya utalii havikawii kumchochea. Humo kila ufuo huitwa pepo, na kila wimbi husemekana kumfaa kila mtu. Maoni yangu ni kwamba huo ni upotoshaji unaoweza kugharimu uhai. Ufuo unaomfaa bingwa aghalabu ndio usiomfaa mwanafunzi, na anayeanza hana budi kuuchagua ufuo wake kwa maswali, si kwa sifa wala kwa uzuri wa picha. Nawaelekezea neno hili hasa walimu na wanafunzi, kwani ukilitazama suala hili kwa makini utaona kuwa ni suala la elimu: mtu aanzie wapi?

Swali la kwanza ni hili: chini ya maji kuna nini? Wimbi la bahari huzaliwa na upepo, pengine mbali sana na ufuo. Likiwa kilindini husafiri bila kishindo. Linapofika mahali ambapo kina cha maji kinakaribiana na kimo chake, sehemu yake ya chini hupunguzwa kasi na sakafu ya bahari, ilhali sehemu ya juu inazidi kwenda mbele, hata wimbi likakosa mizani na kuanguka. Sakafu ikiwa inainuka polepole, wimbi humwagika taratibu, nalo povu lake humsukuma mtu kuelekea nchi kavu bila kumdhuru. Sakafu ikiinuka ghafla kama ukuta, wimbi hujikunja na kupiga chini kwa nguvu zake zote mara moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya darasa na kaburi, nayo haionekani kwa aliyesimama mchangani akitazama.

Hakuna mahali panapothibitisha jambo hili kuliko kisiwa cha Oahu, katika jimbo la Hawaii nchini Marekani. Upande wa kusini, mjini Honolulu, kuna ufuo wa Waikiki. Huko mawimbi huanza kuvunjika mbali na nchi kavu, kisha hutambaa kwa masafa marefu juu ya sakafu isiyo na mwinuko wa ghafla. Mwanafunzi hupata nafasi ya kulala kifudifudi juu ya ubao, kupiga magoti, kusimama, kuanguka na kujaribu tena. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hicho, mwendo usiozidi saa mbili kwa gari, kuna wimbi la Pipeline na ghuba ya Waimea. Pipeline huangukia juu ya mwamba ulio karibu mno na uso wa maji, na wamekufa hapo hata watu waliobobea katika mchezo huu. Kisiwa ni kimoja na bahari ni moja, lakini mmoja ni ufuo wa kujifunzia na mwingine ni uwanja wa mabingwa. Anayesema tu kwamba "Hawaii ni pazuri kwa mchezo huu" hajamwambia mgeni lolote la maana.

Isidhaniwe kwamba Waikiki haina hatari. Chini yake pia mna miamba, na ndiyo sababu anayeanguka hufundishwa kuanguka chali au kwa ubavu, akijikinga kichwa kwa mikono, wala si kutanguliza kichwa majini. Kwa anayeanza kabisa, sakafu ya mchanga ndiyo bora zaidi. Kisiwani Bali, nchini Indonesia, ufuo wa Kuta una sakafu ya mchanga na kwa hiyo una wanafunzi wengi, ilhali Uluwatu, ulio katika kisiwa hicho hicho, una mwamba wa matumbawe na majabali ya kuteremka, na huachiwa wenye ujuzi.

Swali la pili ni la majira: je, ni mwezi gani? Ufuo haukai hali moja mwaka mzima. Kati ya Novemba na Februari, dhoruba za Pasifiki ya kaskazini huleta katika upande wa kaskazini wa Oahu mawimbi yanayoweza kuzidi kimo cha nyumba ya ghorofa. Mwezi wa Julai, mahali pale pale, maji mara nyingi hutulia kama ya ziwa. Anayeusifu ufuo bila kutaja mwezi amesema nusu ya habari.

Jambo hili halipaswi kumshangaza msomaji wa pwani yetu, kwa kuwa wazee wetu walijua kusi na kaskazi kabla ya kuwapo kalenda za ukutani. Mfumo wa pepo unaotuletea kusi ndio huo huo unaovuka Bahari ya Hindi na kuuchafua ufuo wa kusini-magharibi wa Sri Lanka kuanzia mwezi wa Mei hivi. Kwa sababu hiyo, ghuba ya Weligama, yenye mchanga na mawimbi ya upole, huwafaa wanafunzi kati ya Novemba na Aprili. Ukifika wakati wa kusi, wachezaji huhamia upande wa mashariki, huko Arugam Bay. Mgeni anayekata tikiti kwa kufuata nafuu ya nauli, pasipo kuuliza pepo, huenda akafika mahali pazuri katika mwezi mbaya.

Swali la tatu ni: maji yanatokea wapi? Maji yote yanayoletwa ufuoni na mawimbi hayana budi kurudi baharini, nayo hurudi kwa kukusanyika katika mkondo mwembamba unaoelekea kilindini. Ajabu ya mkondo huo ni kwamba juu yake mawimbi hayavunjiki, au huvunjika kidogo tu, hivyo humwonekea mgeni kuwa mahali patulivu kuliko pengine pote. Asiyejua hukimbilia hapo hapo akidhani amejiepusha na hatari. Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijaona mahali ambapo methali hiyo inatimia kwa uhalisi zaidi ya hapa. Mkondo huu hauvuti mtu chini, bali humpeleka mbali, na wengi huangamia kwa sababu hupigana nao ana kwa ana hadi nguvu zikawaishia. Aliyenaswa hana budi kutulia, aushike ubao wake kama boya, ainue mkono kuomba msaada, na akiweza kuogelea aende sambamba na ufuo mpaka atoke katika njia ya mkondo, ndipo aelekee nchi kavu. Somo hilo hutolewa kwa dakika kumi mchangani, lakini ni nani anayelitoa?

Hapo ndipo swali la nne linapoingia: nani anatazama? Ufuo usio na waokoaji si ufuo wa mwanafunzi, hata uwe na mawimbi laini kiasi gani. Katika nchi nyingi bendera yenye rangi nyekundu na njano huonyesha eneo linalolindwa, na anayeanza asitoke nje ya mipaka yake. Huko Waimea, jina la Eddie Aikau hutajwa kwa heshima hadi leo. Aliajiriwa kuwa mwokoaji katika miaka ya 1960, akawatoa majini watu wengi waliojitosa mahali pasipowafaa. Mwaka 1978, mtumbwi wa safari ya kitamaduni aliokuwamo ulipinduka baharini. Akachukua ubao wake kwenda kuwatafutia wenzake msaada. Wenzake waliokolewa, lakini yeye hakuonekana tena. Mtu wa namna hiyo hana bei, na ufuo wenye watu wa kazi hiyo una thamani kuliko ufuo wenye hoteli za fahari.

La tano ni kuwauliza wenyeji. Mgeni ni kuku mweupe, na mawimbini huonekana upesi zaidi. Wenyeji wana kanuni zao: aliye karibu zaidi na mahali ambapo wimbi linaanza kuvunjika ndiye mwenye haki nalo, na anayemkatiza huhatarisha maisha ya wawili. Wenyeji pia ndio wajuao yasiyoandikwa vitabuni. Kisiwani Réunion, mashariki mwa Madagaska, baada ya watu kadhaa kuuawa na papa, mwaka 2013 wakuu wa serikali walipiga marufuku kuogelea na kuteleza mawimbini nje ya maeneo yaliyokingwa na mwamba au yaliyotengwa chini ya ulinzi. Picha za mawimbi ya kisiwa hicho hazikupungua uzuri kwa sababu ya amri hiyo. Aliyetegemea picha peke yake angejuaje?

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba ujasiri haufunzwi katika maji ya magoti, na kwamba anayetupwa kilindini ndiye anayejua kuogelea upesi. Naiheshimu hoja ya ujasiri, lakini historia ya mchezo wenyewe inaikanusha. Duke Kahanamoku, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1890 na kushinda dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea mita 100 huko Stockholm mwaka 1912 na tena Antwerp mwaka 1920, alikulia katika maji hayo hayo ya Waikiki ambayo wajuba wa leo huyaita ya watoto. Ndiye aliyewaonyesha Waaustralia mchezo huu karibu na Sydney alipozuru nchi yao mwishoni mwa 1914 na mwanzoni mwa 1915. Mwaka 1925, mashua ilipopinduka katika mawimbi makali huko California, aliingia majini na ubao wake mara kwa mara akawaokoa watu wanane. Ujasiri huo haukuanzia kilindini. Ulijengwa siku baada ya siku mahali palipompa nafasi ya kukosea na kuishi. Sanamu yake ilisimamishwa Waikiki mwaka 1990 ikiwa imeipa bahari kisogo, na wajuzi wengi walilalamika, kwani kanuni ya kwanza ya mchezo huu ni kwamba bahari haipewi mgongo.

Mwalimu aliyeko Kitui au Kakamega atauliza: haya yanatuhusu nini sisi ambao hatuna fedha za kwenda Tahiti? Yanatuhusu sana. Kila mwaka shule za bara huwapeleka wanafunzi pwani kwa ziara, na wengi wao wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe, hivyo mawimbi makubwa huvunjikia mbali. Lakini wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi, na yanapokupwa hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Maswali ni yale yale: chini kuna nini, ni majira gani na saa gani ya maji, yanatokea wapi, nani anatazama, na wenyeji wanasemaje? Kiongozi wa ziara asiyeweza kuyajibu asiwaruhusu watoto wavue viatu.

Na kwa yule atakayejaliwa kufika visiwani, shauri langu ni fupi. Jifunze kuogelea kabla ya kushika ubao. Chagua ghuba ya mchanga yenye mawimbi yasiyozidi kiuno, katika mwezi wake mwema, mbele ya macho ya waokoaji, pamoja na mwalimu anayeanza somo lake nchi kavu. Tumia ubao mrefu, mpana na laini, wenye kamba ya kuufunga mguuni. Usione haya kuwa miongoni mwa watoto, kwa kuwa hata darasani hatumwanzishi mwanafunzi kwa mtihani wa mwisho.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Anayeyauliza kwanza, kabla ya kuyaingia, huishi akarudi kuwafundisha wengine.