Ajuaye jina la samaki ndiye ajuaye pa kuvulia

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, yako maswali yanayomfichua mjinga papo hapo. Likizo iliyopita nilichukua mshipi na ndoana nikaelekea ufuo wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu. Nilimwamkia mzee aliyekuwa akitengeneza wavu wake, kisha nikamwuliza: "Mzee, samaki hupatikana wapi hapa?" Alitabasamu, akanijibu kwa swali: "Samaki yupi, mwanangu?"

Nilitahayari. Mimi mwalimu wa isimu nilikuwa nimetumia neno la jumla mahali ambapo kila jina ni ramani. Kamongo hutafutwa penye mafunjo na matope, kwani huweza kupumua hewa ya juu. Mbuta havumilii maji yenye upungufu wa hewa, kwa hivyo hutafutwa mbali na vinamasi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwenye maji yaliyo wazi. Ningu naye hupanda mito kama Nzoia na Nyando wakati wa mvua ili kutaga mayai.

Tatizo ni kwamba majina haya yanapotea, na mengine yanabadilika maana bila sisi kutanabahi. Chukua mfano wa ngege. Mtafiti Michael Graham alipoyachunguza maji ya Ziwa Viktoria mwaka 1927 na 1928, ngege ndiye aliyekuwa tegemeo la wavuvi. Baadaye waliletwa samaki wageni, wakiwemo mbuta na perege wa Mto Nili ambaye Wajaluo humwita nyamami. Ngege wa asili akakaribia kutoweka katika ziwa kuu. Leo hupatikana katika Ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala, ambacho sehemu yake imekwisha kukaushwa kwa ajili ya kilimo. Lakini sokoni wengi huwaita perege wote ngege. Jina limerithiwa na mgeni, na mwenyeji akatoweka bila matanga.

Yamkini atatokea msomaji wa kudai kuwa nahimiza ukabila badala ya lugha ya taifa. La hasha! Omena na mbuta ni maneno ya Kijaluo, na leo hakuna Mkenya anayehitaji kutafsiriwa. Kiswahili hakipungui kwa kupokea, hunenepa.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Wapeni wanafunzi daftari, wakawaulize wavuvi walio karibu nao, iwe ni ziwani, mtoni au bwawani: samaki huyu anaitwaje, anakaa wapi, anataga lini? Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Ningu walipungua mno kwa sababu nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito wakati walipokuwa wakipanda kuzaa. Waliozitega walipajua sana pa kuvulia; walichopuuza ni wakati wa kupaacha.

Nanyi wanafunzi, msingoje kutumwa. Wazee wanaoweza kuwajibu wanapungua kila mwaka. Mkifika ufuoni msiulize samaki wako wapi. Ulizeni kwa jina.