NANI ALIYEMPA MEYA UFUNGUO WA SKULI?



Liko neno lililozoeleka vinywani mwa watu, na waliolizoea si mahasimu zetu peke yao bali hata baadhi yetu sisi wenyewe: kwamba kazi ya mzazi ni kumnunulia mtoto sare, daftari na kalamu, kisha arudi nyumbani akakae kimya, na yaliyobaki yote awaachie wakubwa. Neno hili ni asali kwa mtawala na ni shubiri kwa raia. Leo tumekusudia kulijibu, na jawabu letu twalitoa katika khabari za mji mmoja mkubwa wa Marekani uitwao Chicago, kwa kuwa yaliyowafika wazazi wa mji ule hayatakiwi kupita masikioni mwetu bure. Wapo watakaotuuliza, Chicago na sisi ni wapi na wapi? Twawaomba wavute subira kidogo.

Katika sehemu kubwa ya Marekani skuli za umma husimamiwa na bodi, na wajumbe wa bodi hiyo huchaguliwa kwa kura za watu wa mahali pale pale. Wajumbe hao ndio wapitishao hesabu za fedha, ndio wamwajirio mkuu wa skuli zote na kumwachisha kazi, na ndio waamuao skuli ipi ifunguliwe na ipi itiwe kufuli. Si baraza la kunywea kahawa. Lakini Chicago, mji wenye skuli za umma zaidi ya 600 na wanafunzi zaidi ya laki tatu, haukupata kuwachagua wajumbe hao hata mara moja mpaka ulipoingia mwaka 2024. Meya wa mji ndiye aliyewateua, na sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1995 ikazidi kumkusanyia mamlaka mkononi mwake. Miji na vijiji vingine vya jimbo lile vilichagua bodi zao. Chicago peke yake, ambao skuli zake zimejaa watoto weusi na Walatino, ndio ulioambiwa ungoje.

Na kwa nini ungoje? Waliambiwa kuwa elimu ni kazi ya wataalamu. Waliambiwa kuwa kura italeta siasa ndani ya madarasa. Waliambiwa kuwa ni kheri mtu mmoja ashike hatamu ili ajulikane wa kulaumiwa ni nani.

Enyi wazee wetu, hoja hizi si mlikwisha kuzisikia? Baraza la Kutunga Sheria la Unguja liliundwa mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka thelathini hapakuingia humo mjumbe hata mmoja kwa kura ya mwananchi. Wote waliteuliwa, na waliowateua walisema kwamba watu hawajawa tayari. Ilipofika Julai 1957 ndipo ikakubaliwa wachaguliwe wajumbe 6 tu kati ya wale 12 wasiokuwa maofisa wa serikali, na wanawake wakaachwa nje ya kura kabisa. Basi anayetuuliza Chicago na sisi wapi na wapi, jawabu lake ni hilo. Yule asemaye "hamjawa tayari" hubadili nguo na lugha, lakini ulimi wake ni ule ule.

Sasa tutazame mamlaka yale yalitumiwa vipi. Mwezi wa Mei mwaka 2013, bodi iliyoteuliwa na Meya Rahm Emanuel ilikata shauri kuzifunga skuli zipatazo 50 kwa mpigo mmoja. Sababu zilizotolewa ni kuwa majengo yana nafasi tupu na hazina ina upungufu. Wazazi walikuwa wamekwisha kwenda mikutanoni kwa maelfu, wamesema, wamelia, wameonyesha njia za hatari watakazopita watoto wao kwenda skuli za mbali. Walisikilizwa kwa adabu, kisha kura ikapigwa kama ilivyopangwa. Watoto karibu 12,000 wakahamishwa, na wengi wao mno walikuwa weusi. Sisi wenye maduka twajua kuwa mteja asiyeridhika huenda duka la pili. Je, mzazi asiyeridhika na mjumbe aliyeteuliwa aende wapi? Hakumweka, hawezi kumtoa. Mjumbe yule humtazama aliyempa kiti, na hiyo ni tabia ya binadamu wala hatumshangai.

Liko jingine, nalo linauma zaidi. Upande wa kusini wa mji ule ipo skuli iitwayo Walter H. Dyett, kwa jina la mwalimu wa muziki aliyewafunza vijana wengi weusi. Mwaka 2012 iliamuliwa skuli hiyo iachwe ife kidogo kidogo, isipokee wanafunzi wapya, mpaka ifungwe mwaka 2015. Wazazi na majirani wakaandika mpango wao wa kuifufua, wakaupeleka, wakazungushwa. Agosti 2015 watu 12 miongoni mwao wakagoma kula. Walikaa hivyo siku 34. Fikirini, ndugu zetu: sisi hufunga mwezi mzima na jua likizama twafuturu, wale hawakuwa na magharibi ya kungojea. Na walichokitaka si mali wala cheo, ni skuli ya umma katika mtaa wao, yenye mlango ulio wazi kwa kila mtoto. Skuli ikafunguliwa tena mwaka 2016, ingawa si kwa mpango ule ule waliouandika. Twawastahi watu wale kwa heshima kubwa. Lakini twauliza pia, ni utawala wa namna gani huu ambao mzazi hana budi kuutia mwili wake rehani ili asikilizwe juu ya darasa la mtoto wake, ilhali mwenzake wa mji jirani hutia karatasi sandukuni na mambo yakaisha?

Wazazi hawakulala. Februari 2015 swali la kutaka bodi ya kuchaguliwa liliwekwa katika kura ya maoni kwenye kata 37 kati ya 50 za mji, na karibu watu tisa katika kila kumi walisema ndiyo. Kura hiyo haikuwa na nguvu ya sheria, na wakubwa wakaipisha kama upepo. Ikachukua miaka sita mingine ya kugonga milango na kusafiri hadi makao ya jimbo, mpaka Julai 2021 Gavana J. B. Pritzker alipotia sahihi sheria ya bodi ya watu 21. Hata hivyo haikutolewa nzima. Novemba 2024 wananchi walichagua 10, na Meya akawateua 11. Wazee wa 1957 watacheka kwa uchungu wakiisoma hesabu hii.

Hapa hatuna budi kusema neno ambalo baadhi ya marafiki hawatalipenda. Meya wa wakati ule, Brandon Johnson, si adui wa skuli za umma. Alikuwa mwalimu, kisha mtumishi wa chama cha walimu. Lakini Oktoba 2024, mwezi mmoja tu kabla ya kura, wajumbe wote 7 wa bodi aliyoiteua yeye mwenyewe walitangaza kujiuzulu kwa pamoja, katikati ya mvutano juu ya mkuu wa skuli na juu ya fedha. Meya akateua wengine. Ndiyo maana twasema kuwa jambo hili halihusu meya mwema na meya mbaya. Amana ya watoto wa mji mzima haiwekwi kiganjani mwa mtu mmoja, hata akiwa ni mtu tumpendaye. Shura ni shura. Anayeitaka akiwa nje na kuikimbia akiwa ndani tumwite jina gani?

Matokeo ya 2024 nayo si ya kujigamba. Fedha zilimwagwa kwa mamilioni ya dola. Walioungwa mkono na chama cha walimu walipata viti 4. Walioungwa mkono na wapenzi wa skuli za mkataba, yaani zile zinazoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za umma, walipata 3. Na 3 wakawendea wagombea wasiokuwa wa upande huu wala ule. Twawashauri wazazi wa kule, na ushauri huu twautoa bila ya kuogopa: mumkague mgombea kama mkaguavyo kitambaa, mkigeuze mkione na upande wa ndani. Mwulizeni fedha za umma atazilinda zibaki katika skuli ya umma, au ataziacha zitoke kwa mlango wa nyuma. Mwulizeni itakapoletwa orodha nyingine ya skuli za kufungwa atasimama na nani. Anayejibu kwa kuzungukazunguka, mwacheni aende na tabasamu yake. Na aliyeletwa na chama cha walimu pia aulizwe, kwani maslaha ya mwalimu na ya mtoto mara nyingi huandamana, lakini si kila siku.

Wapo wasemao kuwa skuli za mkataba ni mkombozi wa mzazi maskini kwa sababu humpa hiari. Hiari hiyo ilionekana thamani yake mwaka huo huo wa 2024, pale kampuni ya skuli za Acero ilipotangaza kuwa itazifunga skuli 7 kati ya 15 ilizokuwa nazo. Je, wazazi walikwenda wapi kulalamika? Walikwenda kwa bodi ya umma! Na ni bodi hiyo hiyo ya umma, iliyokuwa ikisemwa kuwa ni nzito na ya kizamani, ndiyo iliyokata shauri kuziokoa skuli 5. Mlango wa mwisho aliobaki nao mzazi ulikuwa ule ambao wafanya biashara walimwambia hauhitaji tena.

Twamalizia na jambo lililo dogo kwa macho. Tangu sheria ya mwaka 1988, skuli nyingi za umma za Chicago zina baraza la kila skuli, lenye wazazi 6, watu 2 wa mtaa, walimu 2 na wengineo, na baraza hilo ndilo limchaguao mwalimu mkuu. Kura zake ziko wazi hata kwa mzazi asiyekuwa raia. Mama mhamiaji ambaye hana kura ya Rais wala ya Meya ana kura ya kumweka mwalimu mkuu wa mwanawe. Ni haki gani kubwa kuliko hiyo? Na pamoja na hayo viti vingi katika mabaraza hayo hukosa washindani, na vingine hukaa vitupu kabisa. Watu waligoma kula kwa ajili ya mlango, na mlango mwingine uliokwisha funguliwa haupitwi.

Kwa mujibu wa sheria ile ya 2021, viti vyote 21 vya bodi kubwa vimepangiwa kura ya Novemba 2026, na sheria haikumwekea mjumbe mshahara. Wenye fedha hawatishwi na jambo hilo, kwani watampata mtu wao. Wazazi wa kila mtaa nao wamtafute wao mapema, wamchangie nauli, wamwangalizie watoto siku za mikutano, na wampitishie karatasi za sahihi nyumba hadi nyumba.