Wa Semina Posho, wa Kijijini Fulana

Hivi kwa nini neno "kujitolea" huwa linawahusu watu wa kijijini tu? Mganga mkuu wa wilaya hajitolei. Dereva wa mradi hajitolei. Mtaalamu aliyepanda ndege kutoka Ulaya kuja kuutathmini huo mradi, ndo kabisa. Lakini mama anayegongewa mlango saa nane usiku na jirani aliyebeba mtoto anayechemka homa, huyo eti ana "moyo".

Tuelewane: sina ugomvi na kazi yenyewe. Malaria haisubiri zahanati ifunguliwe Jumatatu. Ikiwa kali inaweza kummaliza mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo maana viongozi wa Afrika walipokutana Abuja, Aprili 2000, waliweka lengo kwamba ifikapo 2005 angalau asilimia 60 ya wagonjwa wapate tiba ndani ya saa 24. Kwa mtu wa Sinza hizo saa ni nyingi. Kwa mtu ambaye zahanati iko ng'ambo ya mto uliofurika, hazitoshi.

Na inawezekana. Mwaka huohuo jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Tigray, Ethiopia. Akina mama walifundishwa, nao wakawafundisha wenzao kutambua homa na kutoa klorokwini mapema. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa asilimia 40.

Lakini enzi za klorokwini zimepita. Siku hizi mhudumu anamtoboa mtoto kidole, anasoma kipimo cha haraka, anatoa dawa mseto kwa kipimo cha umri au uzito, anajaza rejista, na akiona degedege au mtoto kashindwa kunyonya anampa rufaa. Jamani, hiyo si hisani. Hiyo ni kazi! Na ujira wake? Fulana, mkoba, akibahatika baiskeli.

Wapo wanaosema ukiwalipa utawaharibia moyo. Mbona daktari analipwa na hatusemi hana moyo? Wengine wanasema hela hakuna. Hela ya semina ya kuzungumzia wanaojitolea inatokaga wapi, pamoja na posho, chai na maji ya chupa?

Tatizo lenyewe liko kwenye kalenda. Msimu wa mvua ndio msimu wa malaria, na ndio huohuo msimu wa kulima. Pale watoto wanapougua zaidi ndipo mhudumu naye anapotakiwa shambani. Abaki nyumbani watoto wa jirani wapone, au aende kulima wanawe wale? Tumemtwisha uchaguzi huo mtu maskini kuliko sisi wote, halafu akiacha tunaandika kwenye ripoti kwamba "mwamko ulishuka".

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018: wahudumu hawa walipwe. Kenya mwaka 2023 iliwaingiza kazini 100,000, kwa shilingi 5,000 za huko kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: hazifiki 170 kwa siku. Kidogo, ila angalau kuna mahali pa kudai nyongeza. Kwetu, Januari 2024, Serikali ilizindua mpango wa kuwafikia wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano. Safi. Swali langu ni moja: malipo yao yako kwenye bajeti yetu, au kwenye mkoba wa mfadhili? Maana Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na tuliona miradi ikiyumba ndani ya wiki chache. Mbu hawakusimamisha chochote.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wakubwa ni jepesi. Ama mumlipe mhudumu wa kijijini kila mwezi kutoka hazina, ama na ninyi mje semina bila posho. Kwa moyo.

Naomba kutoa hoja.